Naomba ushauri: asiyevumilia imani za wengine tumwiteje?

Habari zenu ndugu zangu. Naandaa kipeperushi cha vijana wa msikitini na wa kanisani mtaani kwetu hapa Tanga, kwa ajili ya Siku ya Kimataifa ya Uvumilivu, Novemba 16, na nimekwama kwenye neno. Nataka kumtaja mtu asiyekubali mwenzake aabudu tofauti. Nikiandika "asiye na uvumilivu", msomaji anaelewa mtu wa papara, asiyeweza kusubiri. Si tunasema mvumilivu hula mbivu? "Kutovumilia" nako kunaweza kuwa sifa, mfano kutovumilia rushwa. Magazeti hupenda "mwenye msimamo mkali", lakini wapo wenye msimamo mkali wa dini wanaoishi vizuri kabisa na majirani. "Chuki" naona imezidi.

Naelekea "kutovumiliana", ila ile -ana inabebesha lawama pande zote mbili. Mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji kwa sababu ya dini yake anafanya hivyo peke yake, mpangaji hajakosa kitu! Je, "kutostahimili imani za wengine" itaeleweka kwa kijana aliyeishia darasa la saba? Walimu na wahariri, nisaidieni tafadhali, kipeperushi kinakwenda kuchapwa wiki hii.