Naomba ushauri: kijana akikiri kuua wazazi baada ya kudanganywa na polisi, kukiri huko kuna uzito gani?

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia klabu ya mdahalo ya kidato cha tano, na kesi ya Marty Tankleff imetugawa vibaya.

Ni Long Island, New York, Septemba 1988. Kijana wa miaka 17 aliamka akakuta mama ameuawa, baba hoi anavuja damu. Simu ya dharura alipiga mwenyewe. Wakati wa mahojiano, mpelelezi akajifanya amepokea simu ya hospitali: baba kazinduka, kakutaja wewe. Uongo mtupu. Baba hakuzinduka mpaka alipofariki wiki kadhaa baadaye. Kijana akaanza kujiuliza kama alifanya bila kujua. Maelezo ya kukiri yaliandikwa na mpelelezi, kijana hakuyasaini kabisa, na akayakana. Alifungwa hata hivyo, akatoka 2007, mashtaka yakafutwa 2008.

Nusu ya wanafunzi wangu wamekomaa kwamba asiye na hatia hakiri. Hata ndugu wa familia ile waligawanyika. Mimi naamini hakuua, na inaniuma kwamba miaka 17 ya ujana wake ilipotea gerezani.

Walimu, nawaelezaje vijana wa rika lake jinsi mtu anavyoweza kukiri asilolitenda, bila kuwavuta upande wangu? Na wanasheria, mahakama zetu hupimaje ungamo ambalo mshtakiwa amelikana? Mdahalo ni Ijumaa hii.