IST inawasha taa nyekundu kwenye foleni, ikishika mwendo inatulia: nianzie wapi kabla ya kufungua hedi?

Mwenye IST

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, gia za oto, dashibodi inasoma kilomita 168,000.

Dalili ni hizi. Asubuhi kwenye foleni ya Kimara hadi Ubungo, AC ikiwa inafanya kazi, baada ya kama dakika ishirini taa nyekundu ya joto inaanza kupepesa. Nikizima AC inatulia kidogo halafu inarudi. Foleni ikifunguka na gari likafika 60, taa inazima yenyewe. Maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki na chini ya gari hakuna tone. Ndani ya rejeta ni maji ya kisima tu, hakuna kulanti (dawa ya kupozea injini). Themostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) ilishatolewa, niliambiwa nchi ya joto haihitaji.

Sasa gereji wanasema gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na hedi, yaani sehemu yake ya juu) imekwenda, tufungue. Moshi hauna rangi, oili haijawa kama maziwa. Kipi kipimwe kwanza?

Spana Kumi

Mkuu, hedi isifunguliwe kwanza. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likikimbia linakwambia lenyewe kwamba tatizo liko upande wa upepo. Ukiwa 60, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta bila msaada wa mtu. Ukiwa umesimama nyuma ya daladala, upepo huo lazima uletwe na feni. Gasketi ikiungua, mara nyingi hali inakuwa kinyume: mlimani na kwenye mwendo ndiko linakochemka zaidi, kwa sababu injini ikibeba mzigo gesi ya kwenye silinda inasukumwa kwa nguvu kuingia njia ya maji.

Anza injini ikiwa ya baridi. Washa gari, weka AC kwenye baridi ya mwisho, fungua boneti. Kompresa ya AC ikishika tu, feni nayo inatakiwa iingie ndani ya sekunde chache hata kama maji bado hayajapata joto, kwa sababu kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele ya rejeta yenyewe) inahitaji upepo. Isipozunguka, zima gari, chomoa plagi ya mota ya feni, kisha ipe umeme moja kwa moja toka kwenye betri kwa nyaya mbili. Ule wa chanya uwekee fyuzi ya ampea 20 katikati, usije ukaunguza kitu kingine.

Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na ugonjwa uko nyuma yake: fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), au waya wa arthi uliooza pale ulipofungwa kwenye bodi. Rilei ni rahisi kuijaribu. Kwenye boksi la fyuzi tafuta nyingine yenye namba ileile ubavuni na miguu iliyopangwa vilevile, zibadilishane nafasi. Isipozunguka hata kwa umeme wa moja kwa moja, igonge taratibu mgongoni kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiingia. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha. Itafanya kazi leo na kesho itakuacha Ubungo.

Wengi wakiona feni inazunguka wanafunga boneti na kuondoka. Haitoshi. Chukua karatasi moja ya daftari, iweke mbele ya kondensa feni ikiwa inafanya kazi. Inatakiwa ivutwe na ing'ang'anie hapohapo. Ikidondoka, ama mota imechoka ama nafasi ya kondensa na rejeta imejaa vumbi na wadudu. Ikisukumwa mbele, kuna mtu aligeuza nyaya za mota wakati wa kubadilisha plagi, na sasa feni inapuliza kwenda nje. Hili la nyaya linatokea sana kwenye feni za mtumba.

Angalia pia kama kava la plastiki linalozunguka feni lipo na halijapasuka. Bila hilo kava feni inavuta upepo wa pembeni ambao haujapita kwenye rejeta hata kidogo.

Mzee wa Rejeta

Spana Kumi kamaliza upande wa upepo. Mimi nashika maji, maana hiyo nusu lita kwa wiki ina mahali inakwenda.

Mfuniko wa rejeta wengi wanaudharau kwa sababu ni kitu kidogo. Juu yake kuna namba, 0.9 au 1.1, huo ni mgandamizo unaoshikiliwa na springi. Kazi yake si kuziba tu. Kwa Dar, usawa wa bahari, maji yaliyo wazi yanachemka nyuzi 100. Mfuniko wa 1.1 ulio mzima unayasogeza hadi kama 120. Springi ikilegea au mpira ukikatika unarudi kwenye 100 uleule, na kwenye foleni hapo si mbali. Lipeleke gari hilohilo lenye mfuniko mbovu Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji yatachemka kwenye 94 hivi, chini ya joto ambalo feni za magari mengi ndiyo kwanza zinawaka.

Mfuniko una valvu mbili. Ile kubwa inatoa maji ya ziada kwenda kwenye chupa ya akiba, ile ndogo ya katikati inayaruhusu kurudi injini ikipoa. Sasa angalia asubuhi kabla ya kuwasha: kama hosi ya juu imebonyea kama mrija wa soda ulionyonywa, valvu ndogo imekwama, maji yanakwenda kwenye chupa na hayarudi. Chupa ikijaa, yanamwagika barabarani ukiwa unatembea, ndiyo maana nyumbani huoni tone. Nunua mfuniko wenye namba ileile iliyokuja na gari. Kuweka wa 1.1 mahali pa 0.9 ili "uongeze nguvu" ni kuhamishia presha kwenye hosi na tangi za plastiki za rejeta zenye umri wa miaka ishirini.

Baada ya mfuniko, tafuta alama kavu. Kulanti inayovuja kwenye injini ya moto haidondoki, inakauka pale pale na kuacha ukoko mweupe au wa pinki. Kwako ni maji ya kisima, utaona chumvi nyeupe. Pa kuangalia: mshono kati ya alumini na plastiki ya rejeta, shingo za hosi, na kitundu kidogo chini ya wota pampu. Kitundu hicho kikiwa na ukoko, sili ya pampu imekwisha, na hakuna gundi itakayoiponya.

Maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi. Yakichemka kila siku yanaacha magadi ndani ya mirija bapa ya rejeta, ambayo njia yake haizidi milimita 2. Gari likiwa la moto, zima, toa ufunguo, pitisha kiganja mbele ya rejeta pale unapofikia. Sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Rejeta za zamani za shaba zilikuwa zinafunguliwa na kupitishiwa waya, hizi za alumini na plastiki hazitaki mchezo huo. Ikiziba sana unabadilisha.

Dereva wa Mbezi

Mbona magari kibao yanatembea bila themostati na hayachemshi? Hilo nadhani ni la wazungu na theluji yao.

Spana Kumi

Yanatembea, ndiyo. Yanakula mafuta pia, ila mwenye gari anamlaumu muuza petroli.

Themostati ya 1NZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 inatakiwa iwe imefunguka angalau milimita 8.5. Usipokuwa nayo, asubuhi injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaamini bado ni baridi na inaendelea kumimina petroli zaidi. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ukiipima na mashine unaweza kukuta kodi (namba ya hitilafu) P0128, yaani injini haifiki joto lake kwa wakati.

Halafu kuna hili ambalo halisemwi. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka kuelekea rejeta, mguu wake wa chini unaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani, haionji rejeta. Foleni ikiwa ndefu na AC imewaka, tofauti hiyo inaonekana. Kwa hiyo themostati inaweza kutolewa ili gari lisichemshe na ikawa moja ya sababu za kuchemsha.

Kupima mpya kabla ya kufunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, chemsha polepole, tazama inapoanza kufunguka. Ikianza kwenye 70 au ikiganda hadi 90, rudisha dukani.

Mwenye IST

Ahsanteni wakuu. Majibu ya vipimo: kwa AC feni haikuzunguka kabisa. Nimeipa umeme wa betri, inazunguka kwa nguvu na karatasi inanata. Fyuzi nzima. Nimehamisha rilei kutoka nafasi nyingine yenye namba ileile, feni ikaingia mara moja. Hosi ya juu asubuhi imebonyea, kwa hiyo na mfuniko unabadilishwa. Kwenye kitundu cha wota pampu hakuna ukoko.

Nimepata themostati na gasketi yake. Naomba mwongozo wa kuweka kulanti bila kuacha hewa ndani, na nitajuaje kwa uhakika kwamba hedi haikuumia kwa hizo siku ilizochemsha?

Mzee wa Rejeta

Rilei basi. Nunua mpya, usiiache ile ya kuazima, mwenye nafasi yake anaihitaji.

Kulanti: mfumo wako wote unachukua karibu lita 5. Fungua koki ya chini ya rejeta injini ikiwa baridi, mwaga, jaza maji safi, washa hadi ipate moto, zima, acha ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka maji yanayotoka yawe safi. Kumbuka ukimwaga kwa koki, kiasi fulani kinabaki ndani ya bloku. Ndiyo sababu usichanganye kwenye ndoo nusu kwa nusu halafu umimine, utaishia na mchanganyiko mwepesi. Mimina kwanza lita 2.5 za kulanti nzito, kisha jazia na maji yaliyochujwa chumvi yote (distilled). Ile ya pinki ya Toyota yenyewe huja imeshachanganywa, hiyo haiongezwi maji, kwa hiyo bloku imwagwe kabisa kupitia plagi yake.

Na ukienda dukani ukaomba "maji ya betri", soma kopo. Jina hilo hilo linauzwa kwa maji yaliyochujwa na kwa asidi. Asidi kwenye rejeta ya alumini itamaliza kazi haraka kuliko kisima.

Themostati ina kitundu chenye kipini kinachotikisika. Kifungwe kikiwa juu, hapo ndipo hewa inapopitia. Mimina polepole huku ukiminya hosi ya juu na ya chini kwa mkono. Hita weka kwenye moto wa mwisho. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, pua ya gari ikiwa imepanda kidogo, acha hadi feni iingie na kutoka mara mbili, ukijazia kila usawa unaposhuka. Hewa ya hita ikitoka ya moto mfululizo, njia imejaa. Funga mfuniko, weka chupa hadi FULL, kesho yake asubuhi angalia tena, itashuka kidogo.

Spana Kumi

Kuhusu hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, hakikisha maji yako shingoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, na yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Jaribio la pili, funga mfuniko, washa, shika hosi ya juu: ikiwa ngumu kama tairi ndani ya dakika moja wakati maji bado baridi, hiyo presha haitoki kwenye joto.

Jibu la uhakika zaidi ni kile kimiminika cha bluu cha kupimia. Kinawekwa kwenye chombo juu ya shingo ya rejeta, injini inaunguruma, hewa ya humo inavutwa kupitia hicho kimiminika. Kikigeuka njano kuna hewa ya ukaa, gasketi au hedi imeachia. Kikibaki bluu, mwenye gereji atafute kazi nyingine.

Ikitokea ikalazimu kufungua, usikubali gasketi mpya ibandikwe juu ya hedi ambayo haijapimwa. Rula ya chuma na vipande vya kupimia nafasi: mpindo ukizidi milimita 0.05 inakwenda kusawazishwa. Bolti 10 zinafungwa toka katikati kwenda nje, kwanza nguvu ya 29 Nm, kisha unazungusha nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kisha 90 nyingine. Fundi asiye na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) akikwambia anasikia kwa mkono, chukua funguo zako.

Na taa nyekundu ikirudi pamoja na ya betri, usisubiri kufika pembeni pazuri. Kwenye 1NZ mkanda mmoja unazungusha alternata na wota pampu, kwa hiyo taa zote mbili maana yake mkanda umekatika. Zima hapohapo.