Naomba ushauri: mashamba ya mananasi Kiwangwa yanageuka viwanja

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye asasi ndogo huku Kiwangwa, Bagamoyo. Tunawasaidia wakulima wa mananasi kupata hatimiliki za kimila, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kabla madalali hawajawafikia. Shida ni kwamba hati inamlinda mtu asinyang'anywe shamba, haimzuii kuliuza. Mzee akiuguliwa tu, shamba linakatwa viwanja, na mnunuzi mwenyewe hata jembe hashiki. Inaniuma sana, maana nanasi ndilo linalosomesha watoto wetu.

Kuna kijiji kilichofanikiwa kutumia mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo ili shamba hata likiuzwa libaki shamba? Mkutano mkuu wa kijiji mliushawishije? Na aliyebanwa na shida ya fedha mlimsaidiaje asiuze?