Mrejesho: sanduku la vifaa vya babu linakaribia kukamilika

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliwauliza kwa nini kitako cha sanduku langu la mninga kilipasuka katikati wakati nimekigandisha gundi pande zote nne, tena nikijisifu kwamba kimekaza. Mlinicheka, halafu mkanieleza: ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu, na ukiubana hauna pa kwenda. Huku Tanga na unyevu wetu huu, ndiyo kabisa.

Basi nimeanza upya. Nimechimba mfuo ndani ya mbao za pembeni, kitako kikaingia kikavu bila tone la gundi, nafasi ya milimita 3 kila upande. Ukikitikisa kinacheza kidogo. Kwanza kiliniudhi, sasa nimekizoea. Aliyenishauri nitumie plaiwudi alikuwa sahihi pia, ila kulaza vifaa vya babu juu ya plaiwudi moyo ulikataa.

Ndani kuna randa ya Stanley namba 4, patasi tatu, tezo (kishoka cha kuchongea mbao) na keekee (kifaa cha kutobolea mbao) yenye upinde wake. Kila kimoja nilikichora kwa penseli kwenye ubao wa mkangazi nikachonga kitanda chake. Tezo ilinitesa jioni mbili kwa ule mkunjo wa shingo. Mpini wa patasi ndogo una kishimo cha kidole gumba. Sikuupiga msasa wala vanishi. Vyuma nimevipaka mafuta ya cherehani.

Kimebaki kioo cha mfuniko. Bawaba za shaba nimeshapata.