Basi la shule limefutwa Texas: nimwendee superintendenti au bodi?

mama_wawili_tx: Habari za humu wakuu. Wilaya yetu ya shule imefuta kituo cha basi cha mtaa wetu. Barua inasema tuko ndani ya maili 2 kutoka shuleni, kwa hiyo watoto watembee. Njiani kuna barabara ya njia 6, haina kivuko wala taa. Mkuu wa shule anasema jambo hili limemzidi. Kati ya superintendenti, yaani mtendaji mkuu wa wilaya ya shule, na bodi, nani mwenye neno la mwisho? Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu.

Mpanga_Ajenda: Pole dada. Kwanza usimfananishe superintendenti na afisa elimu wa wilaya wa kule nyumbani, anayeletwa na serikali. Huyu ameajiriwa na bodi kwa mkataba, ambao Texas hauzidi miaka 5, na bodi hiyohiyo ndiyo inayompima na kumwondoa. Bodi nayo, wajumbe 7 katika wilaya nyingi za Texas, inachaguliwa kwa kura za wakazi. Inatunga sera na kupitisha bajeti. Superintendenti anaendesha kazi za kila siku. Mjumbe akiwa peke yake hana amri hata kwa dereva wa basi.

Shauri lako lina pande mbili, na hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Kituo kikae wapi na basi lipite saa ngapi, hayo ni ya superintendenti kupitia idara ya usafiri. Lakini maili 2 (kama kilomita 3.2) ni kipimo cha jimbo cha kugawa fedha za usafiri. Kwa walio ndani ya hapo wilaya inaweza kuomba nyongeza ikiwa njia ni ya hatari, na kueleza hatari ni ipi na kutaja maeneo yenyewe ni kazi ya bodi. Kwa hiyo mbele ya bodi usiseme "turudishieni basi". Omba mtaa wenu uingizwe kwenye maeneo ya njia za hatari.

Herufi_Tatu: Naongezea. Sera zote ziko kwenye tovuti ya wilaya, kila moja na herufi zake. Soma CNA (usafiri), FNG (malalamiko ya wazazi) na BED (wananchi kuzungumza kikaoni). Ukikuta LEGAL, hiyo ni sheria ya juu, bodi haiwezi kuigusa. LOCAL ndiyo iliyopitishwa na bodi, nayo inaweza kubadilishwa.

Halafu pima mwenyewe. Umbali unahesabiwa kwa njia fupi zaidi ya barabara za umma, si mstari ulionyooka kwenye ramani. Ukipata maili 2.1, huhitaji hata hoja ya hatari, peleka kipimo idara ya usafiri. Usiingie na "ni haki yangu" pia: sheria ya Texas hailazimishi wilaya kumpa kila mtoto basi. Mtoto mwenye mpango wa elimu maalumu uliotaja usafiri, huyo ni habari nyingine.

mama_wawili_tx: Kuna mjumbe wa bodi tunasali naye. Nimwombe atusaidie kura?

Mpanga_Ajenda: Hapana dada. Malalamiko rasmi ya FNG hupanda ngazi, na ya mwisho ni bodi. Huyo atakuwa kama hakimu wako. Akishaahidi upande, anaweza kutakiwa kukaa pembeni. Tena akianza kuwapigia wenzake simu mmoja mmoja hadi wafike 4, akidi imetimia nje ya kikao, na hilo linavunja sheria ya mikutano ya wazi. Anachoweza ni kupeleka barua yako kwa superintendenti na kuuliza imefikia wapi. Fomu ya FNG ina muda maalumu wa kuwasilishwa, angalia leo, usisubiri majibu ya simu.

Herufi_Tatu: Kikaoni, soma ajenda kwanza. Usafiri usipokuwemo, wajumbe hawaruhusiwi kuujadili. Watakupa taarifa, kukusomea sera, au kujadili tu kuuweka kwenye ajenda ya kikao kijacho, basi. Watu hutoka wakidhani wamedharauliwa. Na lugha isikutishe: Texas, anayezungumza kupitia mkalimani lazima apewe angalau muda maradufu, wakitoa dakika 3 wewe ni 6, isipokuwa kuna vifaa vya ukalimani wa papo hapo. Andika "mkalimani wa Kiswahili" unapojiandikisha, siku kadhaa kabla. Usimtumie mwanao kutafsiri.

Barua iwe fupi, kama hivi: "Naomba bodi iongeze barabara (jina), kati ya (A) na (B), kwenye maeneo ya njia za hatari. Njia 6, kasi maili 45 kwa saa kwa mujibu wa kibao, hakuna taa wala kivuko. Watoto (idadi) huvuka hapa asubuhi." Ambatisha picha zilizopigwa saa ileile wanayovuka, saa 1 na robo asubuhi, si Jumapili barabara ikiwa tupu. Nakala kwa superintendenti. Na iwafikie kabla bajeti haijapitishwa. Wilaya nyingine mwaka wao wa fedha huanza Julai 1, nyingine Septemba 1, uliza yenu ni ipi.