Lebo ya ngozi ya mbuzi niandike "pelt" ama?

MchuuziWaUfuoni: Wadau salama? Niko Malindi nauza vitu vya watalii, ngoma ndogo, viti na zile ngozi za mbuzi za kutandika chini zenye manyoya yake. Nataka kubandika lebo za Kiingereza kabla msimu haujaanza, sasa kamusi imenipa "pelt", lakini gazetini nimesoma basi lilikuwa "pelted" kwa mawe, mara nakuta neno hilohilo kwa mvua kali, mara kwa mtu anayetimua mbio. Kwani ni ngozi ama kurusha? Sitaki mzungu anichekee dukani.

BintShela: Kaka hayo ni maneno mawili yamefanana tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. La ngozi mbona unalijua, si mnaongea Kitaliano na wateja huko? Pochi ya pelle, mkanda wa pelle, yote ukoo mmoja, babu yao ni Kilatini pellis. La kurusha asili yake wenyewe Waingereza bado wanabishana.

MzeeWaNgomeni: Na hiyo kurusha sio kurusha kokote. Ukimtupia mtu funguo adake, hiyo siyo. Ni kumvurumishia mfululizo, mawe, mayai, nyanya mbovu, bila kumpa nafasi, ndo maana mvua ikipiga ile ya kuumiza uso nayo wanaisema hivyo. Mbio zile za kutoangalia nyuma wanaita "full pelt".

GaidiMstaafu: Mimi lebo hiyo nisingeibandika hata kwa dawa. Pelt mtalii akiisoma anawaza chui, na wengi wanajua Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na biashara ya nyara, yaani ngozi na pembe za wanyamapori, nayo ikapigwa marufuku 1978, sasa ya nini kujitafutia maswali kwa ngozi ya mbuzi wa Idd? Andika goatskin, neno moja. Ya ng'ombe ni cowhide. Leather waachie wenye mikanda na viatu, hiyo ni ngozi iliyokwisha tengenezwa ikalainika, siyo zile zako za kuanikwa juani na chumvi, tena zipige brashi zinanuka hadi barabarani 😂

MchuuziWaUfuoni: Umeniua mzee wangu 😂 goatskin basi. Na Wataliano je, pelle di capra?

BintShela: Sawasawa. Na bei iandike kubwa, wale wanaanza na quanto costa, yaani bei gani, hata salamu hujajibu.