MJADALA: Lamu ilime hempu ili ilipie boti za visiwani?

MWANA HINDI (mwenye mada)

Assalaam aleikum jamaa. Watu wa visiwa vya Pate na Ndau husafiri kwa boti za watu binafsi, na nauli hupanda kila petroli inapopanda. Wagombea wanaahidi boti za umma, kura zikishahesabiwa tunaambiwa kaunti haina pesa. Basi tuongelee pesa.

Hindi, Mpeketoni na Witu, upande wa bara, zina ardhi na tayari zinalima pamba, simsim na korosho. Hempu ni bangi ya viwandani, ile isiyolevya: sheria ya Marekani ya 2018 inaruhusu THC, kile kinacholevya, isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu, na Ulaya inatumia kiwango hichohicho. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa 2017, Malawi ikapitisha sheria yake 2020, na Afrika Kusini imekuwa ikitoa vibali vya hempu tangu 2021. Pendekezo langu: Lamu iwe eneo la majaribio, kaunti itoze ushuru wa mazao, na sheria ya kaunti ifunge ushuru huo kwenye boti za umma peke yake. Anayepinga aje na namba.

WAKILI BARAZANI

Ndugu yangu, kabla ya namba kuna sheria. Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 inakataza mmea wowote wa jamii ya bangi, kwa jina lolote utakaloupa. Haina kipimo cha THC. Kifungu cha 6 kinampa mkulima faini ya Sh250,000 au mara tatu ya thamani ya mazao, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Mbele ya hakimu, hempu yako yenye asilimia 0.2 na msokoto wa kijana wa mtaani ni mmea mmoja.

Kisingizio cha mikataba ya kimataifa nacho tukiondoe. Mkataba wa 1961, ibara ya 28, unaacha nje kilimo cha bangi cha nyuzi na mbegu. Kizuizi ni cha hapahapa Kenya, na kinaondolewa na Bunge la Taifa. Gwada Ogot alipeleka ombi lake kwa Seneti 2017. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akaandaa mswada 2018. Sheria haikubadilika. Mwaka 2022 Profesa Wajackoyah aliipeleka bangi kwenye kura ya urais akapata 61,969 nchi nzima, pungufu ya daftari la wapiga kura la Lamu (81,453), na sisi ndio kaunti yenye wapiga kura wachache kuliko zote 47. Mgombea mwenza wake alijaribu kueleza kwamba yeye anazungumzia hempu, wakaishia kuvutana hadharani.

Sasa linganisha. Vivuko na bandari ndogo ni kazi ya kaunti: Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, fungu la 5(e). Kwa hiyo mwakilishi wadi anayekuahidi hempu anakuahidi kitu kisicho mikononi mwake, na anakwepa kilicho mikononi mwake.

BWANA SHAMBA

Tuseme Bunge limeruhusu kesho. Shida ya kwanza ni jua. Hempu hutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana. Mbegu za Ulaya zimezoea mchana wa saa 14 hadi 16 wakati wa kukua, ndipo siku zikifupika zinachanua. Lamu tuko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta, mchana ni saa 12 na urefu wake haubadiliki hata nusu saa mwaka mzima. Ukipanda mbegu ya Ufaransa huko Hindi, itachanua ingali fupi, na nyuzi ziko kwenye urefu wa shina. Utavuna kichaka.

Ya pili ni kipimo. Kuchelewa kuvuna hupandisha THC. Marekani sampuli huchukuliwa ndani ya siku 30 kabla ya kuvuna. Ikizidi kiwango, zao linaharibiwa au linarekebishwa na kupimwa tena, na hasara ni ya mkulima. Na chavua ya bangi husafiri na upepo kilomita kadhaa. Shamba la kienyeji lililofichwa upande wa upepo linatosha kukuharibia mbegu ya msimu ujao.

Ya tatu, ambayo watetezi huipita mbio, ni kazi ya baada ya kuvuna. Kwa nyuzi unapanda kwa kubanana, kilo 40 hadi 60 za mbegu kwa hekta, unakata kati ya siku 70 na 120. Halafu mashina lazima yaozeshwe kidogo ili nyuzi ziachane na mti wa ndani. Ukiyalaza shambani kwa umande ni wiki mbili hadi tano, huku ukiyageuza. Mvua ikizidi, nyuzi zenyewe zinaoza. Ikikauka mno, haziachani. Ukiyaloweka majini, siku 7 hadi 14 zinatosha, ila maji yanayotoka hapo yananuka na yanaua samaki kwa kumaliza hewa. Nani ataruhusu hilo karibu na mikoko? Kisha yakaushwe hadi unyevu uwe chini ya asilimia 15, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo linataka ghala la kufunikwa. Baada ya yote hayo, nyuzi ni robo tu ya shina, au karibu na hapo. Mashine ya kuambua mashina hayo Kenya haipo, na za katani ya Kilifi zimeundwa kukwangua majani. Mitambo ya pamba nayo haili nyuzi ndefu za hempu mpaka zikatwe na kulainishwa.

Sisemi haiwezekani. Ukiniuliza zao la kupata pesa ya boti kwa haraka, nitakwambia korosho na simsim, ambazo soko lake lipo leo.

MWANA HINDI

Bwana Shamba, umechagua mbegu ya Ufaransa kwa sababu ndiyo inayoshindwa. Thailand na Yunnan wana aina zilizozoea mchana mfupi. Na nani kasema tuanze na nyuzi? Tuanze na mbegu za kula na mafuta: kilo 25 hadi 30 za kupanda kwa hekta, unavuna, unapura, unakausha, hakuna kuozesha mashina.

BWANA SHAMBA

Aina za Yunnan, kule China, zinatoka karibu digrii 25 kaskazini, ziletwe zijaribiwe misimu mitatu kabla ya kumpa mkulima. Hapo kwenye mbegu za kula nakubaliana nawe zaidi. Lakini zikihifadhiwa na unyevu zinachacha, na ndege watakusaidia kuvuna.

FUNDI WA MTANGAWANDA

Mnabishana juu ya shamba ambalo halijapandwa, na pesa mnayoitafuta inamwagwa kwenye tangi kila asubuhi.

Chukua boti ya faiba yenye mashine ya nguvu farasi 75 ya petroli na oili. Amu (mji wa Lamu) hadi Faza kisiwani Pate, kwa mwendo wa kawaida na mzigo, hesabu lita 30 kwenda. Kila lita ya petroli nchini ina ushuru wa matengenezo ya barabara, Sh25 tangu Julai 2024. Hiyo ni Sh750 kwenda na Sh1,500 kwenda na kurudi. Siku 26 za kazi ni Sh39,000 kwa mwezi, boti moja. Abiria wa Pate analipia lami kwa kila safari, na chini yake ni maji. Zidisha kwa boti zote za Lamu, uongeze wavuvi, ongeza Rusinga, Mfangano na visiwa vingine vya Ziwa Victoria. Hilo ndilo la kudai.

Na mjue boti hufia wapi. Njia ya ndani hupita Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka karibu mita nne. Maji makavu yakikukuta Mkandani unakokota propela kwenye tope. Mashine hunyonya maji ya kuipoza kutokea chini, karibu na gia. Tope likiingia, impela ya mpira ndani ya pampu inasagika, mashine inaacha kukojoa maji, na nahodha asipotazama nyuma, dakika chache pistoni inakwama. Impela inayotakiwa kubadilishwa kila mwaka, Mkandani ibadilishwe kila masaa 100 hadi 200. Ukikwepa kwa kuzunguka nje ya Manda, msimu wa kusi unakutana na bahari ya wazi na boti ya abiria 18 waliokaa juu ya magunia.

Kwa hiyo boti mpya peke yake haitoshi. Mkanda uchimbwe na urudiwe kuchimbwa, kwa sababu tope hurudi. Maboya ya kuonyesha njia yawekwe. Jaketi okozi ziwe idadi ya abiria na saizi za watoto ziwemo; mtoto aliyevaa ya mtu mzima huchomoka chini.

MWANA HINDI

Fundi, hesabu yako nimeipenda, lakini mnanichekesha. Hempu mmeikataa kwa sababu inangoja Bunge. Ushuru wa barabara je? Sheria yake inasema barabara, nayo ni ya Bunge hilohilo. Magavana na wabunge wamekwaruzana mahakamani juu ya Sh10.5 bilioni za mfuko huo, na Sh7 katika kila Sh25 tayari zimeshawekwa rehani kulipa madeni ya wakandarasi. Mnataka kupanga foleni nyuma ya hao?

WAKILI BARAZANI

Hoja ina uzito. Ila kubadilisha sheria ili “barabara” ijumuishe njia za maji za abiria hakumtishi kasisi wala imamu, na mbunge wa ziwani ataunga mkono. Pia kuna Mfuko wa Usawazishaji, ibara ya 204: asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyotengwa, na Lamu ilikuwa kati ya kaunti 14 za mwanzo. Ibara inataja maji, barabara, afya na umeme, kwa neno “pamoja na”. Gati la kumfikisha mgonjwa hospitali linaweza kutetewa kama huduma ya afya.

KARANI WA BAJETI

Msingoje yote hayo. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Mpango wa mwaka hufika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha Februari 28, makadirio Aprili 30. Watu wetu hujitokeza Mei, kwenye mikutano ya hadhara, wakati viwango vya kila idara vimeshawekwa tangu Februari. Andikeni maombi Agosti, tena Januari, mpige muhuri wa kupokelewa.

Na msiombe “boti”. Boti ya kaunti hununuliwa kwa fungu la maendeleo, ila impela, petroli na mshahara wa nahodha hutoka fungu la matumizi ya kawaida ambalo hakuna aliyelipangia. Ombeni mkataba wa huduma: kaunti imlipe mwenye boti kwa kila safari iliyofanyika kwa ratiba, nauli ikiwa na kikomo, na malipo yasitoke bila cheti cha ukaguzi cha KMA (Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Kenya) na orodha ya abiria. Asiposafiri, halipwi.

MWANA HINDI

Ratiba ya saa ngapi, Karani, ikiwa Mkanda unafuata maji na si saa?

FUNDI WA MTANGAWANDA

Ratiba ya maji. Jedwali la kupwa na kujaa hutolewa la mwaka mzima. Saa ya kung'oa nanga husogea karibu dakika 50 kila siku. Ibandikwe gatini kwa mwezi mzima, Amu na Mtangawanda kule Pate. Siku ambazo maji makuu yanaangukia usiku, boti ipite mapema na maji yanayopanda, isingoje yajae.

BWANA SHAMBA

Mwana Hindi, zile aina za Thailand, ukipata jina la mbegu na hati ya THC yake, zilete hapa tuziangalie.